Tundu la Kushoto

Katika mji mzima wa Baraka, kando ya ziwa, ni watu watatu tu waliowahi kuingiza mkono katika matundu ya ile motokari nyekundu. Citoyen Délégué aliingiza wake katika tundu la kulia. Fundi Casimir aliingiza wake katika tundu la kushoto. Mimi niliingiza katika yote mawili. Kwa hiyo siku waliponiita kuandika ile karatasi, sikuweza hata kujidanganya kwamba sijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu Bukavu, nikatumwa Baraka kufundisha fizikia katika shule ya sekondari. Jina langu la ubatizo ni Anastasie, lakini miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na katika karatasi za serikali nilikuwa Kabagwira tu. Nilikaa katika chumba cha nyuma kwa Casimir, ambaye kwenye karatasi hizo alikuwa Mutambo, na mke wake, Mama Florentine, karibu na soko. Hatukuwa na undugu. Wazazi wangu walikuwa mbali, kule juu milimani na ng'ombe wao. Lakini Mama Florentine alinipakulia chakula kabla ya kujipakulia, na malaria iliponiangusha, Casimir alinibeba mgongoni hadi zahanati, huku nikimtapikia shingoni, naye akisema, "Tapika tu, binti, hii shati iko ya garaji." Tangu siku ile sikuwaona tena kama wenye nyumba.

Citoyen Délégué, yaani Ndugu Mjumbe, alikuwa mkubwa wa Chama, Chama chenyewe kikiwa kimoja tu nchini. Alikaa Bukavu lakini alizaliwa kwetu. Mama Florentine alisoma naye katekisimu, alimkumbuka kwa jina la Alphonse, mtoto aliyejua saa ambayo masufuria ya mapadri yanaoshwa, ili awahi kuyalamba. Sasa ukimwita Alphonse unalala ndani. Mwaka uliotangulia, maduka ya wageni yaliponyang'anywa na kugawiwa wakubwa, yeye alipata duka la Mgiriki mmoja wa Uvira pamoja na vyote vilivyokuwamo. Duka lilikwisha kwa miezi mitano. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakikuweza kuliwa, motokari ya mbio ya mtoto wa yule Mgiriki.

Aliileta Baraka kwa sikukuu ya Chama, juu ya meli ya mizigo, maana kwa barabara isingefika. Tumbo lake lilikuwa chini kiasi kwamba bata asingepita chini yake bila kuinama. Wiki mbili kabla, wanafunzi wangu na mama zao walibeba udongo kwa vikapu kusawazisha kilomita tatu, kutoka ufukoni hadi uwanjani. Ilikuwa salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Mama mmoja mimba yake iliharibika pale pale njiani, kati ya vikapu viwili. Délégué alipoelezwa, aliuliza kama kipande kile cha barabara kimekwisha.

Siku motokari iliposhushwa, wanaume arobaini waliibeba juu ya mbao kama maiti ya chifu. Nilikwenda kutazama na wanafunzi wangu. Siwezi kusema ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake uliniudhi zaidi. Injini yake haikuwa mbele; ilikuwa nyuma ya viti, mahali ambapo mtu angetafuta mizigo. Na nyuma ya kila mlango, ubavuni, palikuwa na tundu pana, limechongoka kuelekea mbele.

"Mi naona iko mashavu yake," alisema mvuvi mmoja. "Sawa ya samaki. Inapumua pale."

Wavuvi wenzake walikubali. Délégué, ndani ya abacost yake, koti la watu wa Chama, lililombana kwapani, akacheka. Akazunguka upande wa kulia, akaingiza mkono. Ulipofika kwenye kifundo ukagonga bati.

"Munasikia? Ko, ko. Imefungwa. Hii matundu ni urembo, sawa pete ya masikio. Bavuvi, muniachie motokari, mubaki na samaki yenu."

Watu wakacheka, kwa sababu yeye amecheka. Casimir alikuwa ameitwa kuiangalia baada ya safari ya ziwani, naye alikuwa amechuchumaa upande wa kushoto. Mkono wake ulikuwa umezama hadi begani.

"Citoyen," alisema kwa heshima, "huku yangu inapita. Iko na njia mpaka ndani."

"We Casimir! Ulizoea trakteri za pamba. Hii haiko trakteri."

Wakacheka tena. Casimir alitoa mkono wake, akaupangusa, akaenda kuangalia magurudumu. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakubishana na mtu, alibishana na chombo mpaka chombo kikakubali.

Kesho yake, siku moja kabla ya sikukuu, aliniita katika hangari ya zamani ya pamba ambako motokari ililazwa.

"Kuja uone, binti. We njo ulisoma mambo ya hewa."

Aliwasha injini. Nikachomoa uzi kwenye ukingo wa kitenge changu, nikaushika mbele ya tundu la kulia. Ukaning'inia wima, kama vile motokari haipo. Nikaingiza mkono kuhakikisha, na bati likanigonga vidole. Nikazunguka kushoto. Kabla sijafika karibu, uzi ulisimama, ukanyooka kuelekea ndani, ukanitoka vidoleni ukaenda. Nikaingiza mkono, nikasikia hewa ikipita kati ya vidole vyangu ikiwa na haraka, kama watu wanaokwenda kazini. Casimir akainua mfuniko wa nyuma akanionyesha bomba nene lililotoka kwenye tundu lile hadi kwenye kabureta.

"Unaona? Kushoto motere inapumua. Kulia bazungu baliweka tu juu ya kupendeza macho. Muntu anapenda pande mbili zifanane."

"Kwa hiyo wote wawili mlisema kweli," nilisema. "Wewe na yeye."

"Ehe. Lakini yeye alipima upande moja akasemea yote mbili."

Tulicheka pamoja. Nilifurahi siku ile, ninakiri. Darasani nilikuwa nikifundisha hewa kwa chaki tu, pale niliishika.

Ndipo akaingia Godelieve, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni na kiongozi wa wanawake wanaocheza dansi za Chama. Mkono mmoja alibeba sufuria ya gundi ya unga wa muhogo, mwingine kitenge kipya chenye picha ya Rais. Alikuwa amekwisha kukata picha mbili, kila moja kubwa kama sinia.

"Fundi, sogea. Délégué anasema matundu iko mubaya, inafanana kinywa ya muzee mwenye kukosa meno. Tuifunike na uso ya Rais."

"Kulia funika," alisema Casimir. "Kushoto hapana. Motere itakufa."

"Mi nilitumwa, baba. Mi ni mama ya ndagala. Kama unakatala uso ya Rais, nenda ukatale kwake, kisha uniletee habari kama ungali na meno."

Tukaenda, Casimir na mimi. Délégué alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni pamoja na watu sita wa Chama, mbele yake samaki mkubwa wa kuhe. Alikuwa akila kichwa. Alinyonya jicho kwa sauti, akalitema gamba lake mkononi, akalitazama, akalipaka kwenye kitambaa cha meza. Casimir alieleza. Délégué hakumtazama. Alinitazama mimi, kuanzia miguuni.

"Huyu njo mwalimu wa fizikia? Muzuri. Mwalimu, we ulisoma Bukavu. Sema mbele ya bote. Ile matundu iko ya kazi ama iko ya urembo?"

Watu saba wakanigeukia. Tangu utotoni macho ya watu yananitia haya. Nilitazama sakafu, nikasema polepole, "Moja ni ya kazi, na moja ni ya..."

"Na moja ni ya urembo!" akapaza sauti, akipiga meza. "Sawa bibi zangu mbili!"

Baraza nzima ikapasuka kicheko. Mmoja alicheka mpaka akakohoa wali. Nilikuwa na sentensi nyingine moja mdomoni: ukiliziba la kushoto, injini itasongwa. Maneno machache tu. Casimir alisimama pembeni yangu akingoja niyaseme. Nikayameza. Nilisikia yakishuka kama mwiba wa samaki, na ninadhani Casimir naye alisikia.

Siku ya sikukuu jua lilitoka kali. Gundi ya muhogo ilikuwa imelala usiku kucha na sasa ilinuka uchachu. Inzi walitembea juu ya zile nyuso mbili za Rais, mashavuni, kwenye miwani. Hakuna aliyethubutu kuwafukuza kwa mkono, ili isionekane kama anampiga kofi. Godelieve alipandishwa juu ya mfuniko wa nyuma, juu ya injini, na bendera mkononi. Wanawake wake walicheza pande zote, na Délégué aliendesha polepole kabisa, mkono mmoja nje, akipungia watu wale wale waliobeba udongo wa barabara yake.

Mimi nilitembea na wanafunzi upande wa kushoto. Kwa hiyo niliona kila kitu tangu mwanzo.

Kwanza mashavu ya Rais yalibonyea kidogo, kama ya mtu anayenyonya muwa. Kisha pua ikaingia. Miwani ikajikunja katikati, macho mawili yakasogeleana. Kadiri Délégué alivyokanyaga mafuta, uso uliingia zaidi, mpaka mdomo ukatoweka ndani ya tundu na kubaki kofia tu ya ngozi ya chui ikitikisika ukingoni. Upande wa kulia uso uleule ulikuwa umenyooka vizuri, ukitabasamu.

Watu waliona. Niliona jinsi walivyoona. Wimbo ulilegea mstari baada ya mstari, ukabaki midomoni mwa wachache, na kila mtu akageuza macho kwenye ziwa, kwenye mawingu, kwenye miguu yake. Hakuna aliyenyoosha kidole. Injini ikaanza kukohoa. Moshi mweusi, wa mafuta yasiyoungua, ukatufunika sisi tuliokuwa karibu, ukatuingia mdomoni. Délégué akakanyaga zaidi. Ikalipuka pu! nyuma, na ulimi wa moto ukatoka kwenye bomba la moshi, ukaingia tena.

"Mama yangu!" alilia Godelieve. "Matako yangu inaungua!"

"Shuka!" nilimwambia, lakini sauti yangu haikufika popote.

"Nishuke namna gani? Nani amenipatia ruhusa?" Alimtazama kijana wa Chama mwenye fimbo aliyetembea kando yake. Yule kijana akatikisa kichwa. Sherehe haijakwisha. Godelieve akabaki pale, akiinua tako moja kisha lingine, bendera juu, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Ilipolipuka mara ya pili, moto ukalamba ncha ya kitenge chake.

Casimir alitoka katikati ya watu. Hakukimbia, alitembea kama anavyotembea garajini. Alimvuta Godelieve kwa kiuno akamwangusha chini, akatoa kisu chake mfukoni, akakata kitenge kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Injini ikavuta pumzi. Kila mtu barabarani aliisikia. Kikohozi kikakatika, moshi ukapauka, ukaisha, na motere ikaanza kuimba sauti moja safi.

Délégué akashuka. Aliangalia tundu lililo wazi. Aliangalia mkono wa Casimir, ambao ulikuwa bado umeshika nusu ya uso.

"Mumeona," aliwaambia watu. "Mumeona bote. Amekata Rais."

Vijana wa Chama wakamchukua Casimir wakati wimbo ukianza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo. Nami niliimba. Niliimba huku nikisikia ladha ya moshi kwenye meno.

Kesho yake saa tisa mchana walinifuata shuleni. Katika ofisi ya muda ya Chama palikuwa na meza, mashine ya kuandikia isiyo na utepe, na Délégué. Karani wake hakujua Kifaransa vizuri, mimi nilijua. Akanipa kalamu.

"Andika. Matundu ya motokari ni ya urembo tu, hayana kazi. Kwa hiyo fundi Mutambo hakuwa na sababu ya kukata. Alikata uso wa Rais kwa chuki. Mwalimu wa fizikia amepima, anathibitisha. Chini utaweka jina yako."

Nilielewa. Karatasi kama ile ilipelekwa Bukavu, na mtu akafuata karatasi, na baada ya hapo mke wake aliambiwa asiulize. Mama Florentine alikuwa nje, amekaa chini karibu na ukuta tangu asubuhi na sahani ya ugali iliyofunikwa, ugali ambao hakuna aliyekubali kuupokea. Nyuma ya mlango wa pili nilisikia kiboko. Hakikuwa na haraka. Kilipiga, kikapumzika, kikapiga. Sauti ya Casimir sikuisikia, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaandika mpaka neno "urembo". Kalamu ikasimama.

Ningependa kusema nilipata ujasiri. Sikupata. Délégué aliinama kusoma nilichoandika, na kwenye kidevu chake palikuwa na gamba la samaki, limekauka, limenata pale, na kila alipotamka neno lilipanda na kushuka. Harufu ya pomadi yake na ya kwapa lake ikanifunika. Nikajua kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi nitatapika juu ya meza yake, na nikasema kwa sababu mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

"Citoyen, kuna jambo."

"Sema, mwalimu."

"Karatasi hii ikifika Bukavu, watu wa huko watataka kuiona motokari. Watainua mfuniko. Wataona bomba la kushoto linaingia kwenye injini. Mtu yeyote mwenye macho ataliona." Niliongea na meza. "Hapo hawatauliza tena nani alikata. Watauliza nani aliagiza uso wa Rais ubandikwe mahali ambapo injini itaumeza mbele ya watu."

Nyuma ya mlango kiboko kilipiga.

"Godelieve," alisema hatimaye. "Godelieve njo alibandika."

"Godelieve atasema nani alimtuma. Na fundi alikuja kukuonya, kwenye baraza. Watu sita wa Chama walisikia. Wote sita wanapenda cheo chako."

Lile la mwisho sijui lilitoka wapi. Sikuwa nimelifikiria kabla. Délégué alikaa. Uso wake ukapoteza rangi, kisha polepole ukaanza kutabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko yote niliyoyaona tangu motokari ishuke. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa laini, na vyenye mafuta.

"We ni binti ya akili," alisema. "Kumbe ile haya yako ni ya uongo. Sisi tunaweza kusikilizana."

Akaichana karatasi, akanipa nyingine. Hii mpya ilisema kwamba sikukuu ilifanyika vizuri. Kwamba matundu yote mawili ni ya urembo, kama mwalimu wa fizikia alivyothibitisha kwa kupima, na kwa hiyo kitenge kilibandikwa mahali panapofaa na kiliondolewa kwa heshima baada ya sherehe. Kwamba fundi Mutambo alikutwa amelewa, akarekebishwa, akarudishwa nyumbani.

"Fundi halewi," nilisema. "Ni mtu wa kanisa."

"Unataka atoke ama unataka awe mutakatifu?"

"Na tundu la kushoto? Lazima niandike..."

"Urembo. Yote mbili. Kama ni ya kazi, kuna muntu alikosa. Kama ni ya urembo, hakuna mwenye kukosa, na hakuna wa kuja kuinua mfuniko. Andika."

Kiboko kilipiga tena. Niliandika. Nikaweka jina langu, Kabagwira, na chini yake cheo changu, mwalimu wa fizikia. Délégué akapuliza wino ukauke, na lile gamba likaanguka kutoka kidevuni juu ya karatasi. Akalipangusa kwa kidole.

Casimir alitolewa jua likiwa bado juu. Mama Florentine na mimi tulimshika kila mmoja upande wake, na watu wa sokoni walipanga ndagala zao kwa bidii sana tulipopita. Hata Godelieve, aliyekuwa akiuza amesimama kwa sababu ya malengelenge, aligeuza kichwa. Sikumlaumu. Nilijua njia hiyo ya kugeuza kichwa. Nilikuwa nimeitumia mwenyewe.

Nyumbani hakuweza kukaa. Alisimama, kifua kimeegemea ukuta, na Mama Florentine akamlisha tonge kwa tonge. Alikula matatu. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Binti. Baliniachilia juu ya nini?"

"Niliandika karatasi."

"Ulisema nini?"

Nikamweleza yote, na kuhusu ulevi pia. Kuhusu ulevi alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayepangusa inzi.

"Na matundu?"

"Niliandika ni ya urembo."

"Kushoto pia?"

"Kushoto pia, baba."

Mgongo wake ulikuwa mbele yangu, umefunikwa shuka lililoanza kunata.

"Kulia sawa," alisema. "Kulia ni uongo ya bale balitengeneza. Lakini kushoto binti, tuliona. Uzi ulikwenda. We mwenyewe uliweka mukono." Sauti yake haikuwa na hasira, ningependa ingekuwa nayo. "Bale barabarani balisikia motere ikipona. Sasa batasema mwalimu alipima, haikuwa kitu, Casimir alikuwa mulevi. Nani ataniletea tena motere?"

"Nyamaza!" Mama Florentine alipiga sahani chini. "Nyamaza kabisa! Yeye ni mutoto wa bantu bengine, aliingia mule peke yake, amekutoa na nyama yako yote, na we unalilia tundu! Kula!"

"Minakula," alisema Casimir, akafungua mdomo kwa utii.

Ilikuwa ndagala na ugali wa muhogo. Harufu ya muhogo, harufu ya samaki. Nilitoka mbio nikafika nyuma ya jikoni, nikainama, nikatapika kila kitu, na kilipokwisha nikaendelea kutapika hewa. Mkono wa kulia niliuweka mbali na mwili, kwa sababu bado ulikuwa na yale mafuta ya vidole vya Délégué. Nilisikia hatua za Mama Florentine nyuma yangu. Akanishika paji la uso kwa kiganja chake chenye ugali, kama unavyomshika mtoto mdogo, akanisimamia mpaka nikamaliza.